Kamanda Aliyewajua Watu Wake kwa Majina: Maisha ya Leonard Cheshire



Kamati iliponiomba niandike maisha ya mtu mashuhuri kwa ajili ya kijarida cha mwaka huu, nadhani ilitegemea nichague mmoja wa wazee wetu. Nawaomba radhi. Mwaka huu chama chetu kinachangisha fedha za bweni la watoto wenye ulemavu, na katika kutafuta mtu ambaye maisha yake yanafanana na kazi hiyo, nimeangukia kwa mtu wa mbali: Mwingereza, tena mwanajeshi, rubani wa ndege za mabomu. Kwa nini yeye, mtaona tukienda.

Sisi watu wa huku hadithi za marubani si ngeni kwetu. Kila anayepita ukingo wa kreta huliona kaburi la Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti na baba yake kwa ndege yenye mistari ya pundamilia, na aliyekufa Januari 1959 baada ya ndege hiyo kugongana na tai. Lakini rubani wa leo ni wa aina nyingine. Huyu alirushwa kwenda kubomoa, akapanda cheo hadi kuwa kamanda, akapewa nishani kubwa kuliko zote nchini kwake, kisha akaishia kufua mashuka ya mgonjwa mmoja asiye na ndugu wa kumpokea.

Kijana wa Oxford

Geoffrey Leonard Cheshire alizaliwa tarehe 7 Septemba 1917 katika mji wa Chester, Uingereza. Baba yake alikuwa mwalimu wa sheria katika Chuo Kikuu cha Oxford, msomi ambaye vitabu vyake vilitumiwa na wanafunzi wa sheria kwa miaka mingi. Leonard naye alipelekwa kusoma sheria hapo hapo Oxford.

Asidhani mtu kwamba alikuwa kijana mtulivu wa maktaba. Alipenda magari ya kasi, mavazi mazuri na kuweka dau. Safari moja alibishana na wenzake kwamba angeweza kufika Paris akiwa na senti chache tu mfukoni. Dau lilikuwa nusu painti ya bia. Alikwenda, akafika, akashinda. Fedha zilimpita mkononi kama maji, na baba yake alilipa madeni ya mwanawe zaidi ya mara moja. Nalitaja hili mapema kwa sababu tabia hiyo ya kuanza safari bila nauli tutakutana nayo tena mbele.

Chuoni alijiunga na kikosi cha wanafunzi kilichofundisha urubani. Vita Kuu ya Pili ilipoanza Septemba 1939, alikuwa amekwisha kupata shahada yake na alijua kurusha ndege. Wakati wazee wetu wa Tanganyika walikuwa wakiandikishwa KAR, na baadaye kupelekwa Uhabeshi na Burma, kijana huyu alipangiwa ndege za mabomu.

Usiku wa Cologne

Juni 1940 alifika katika kikosi namba 102, kilichokuwa kikirusha ndege aina ya Whitley, nzito na za mwendo wa pole. Kazi yao ilikuwa kuvuka bahari usiku, kuingia Ujerumani, kudondosha mabomu na kurudi kabla ya alfajiri. Chini kulikuwa na taa kali za kuwamulika na mizinga ya kuwatungua.

Usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 Novemba 1940, juu ya mji wa Cologne, kombora lilipiga ndege yake. Mlipuko ulichana ubavu wa ndege na moto ukawaka ndani. Mhudumu wa redio, kijana mdogo, aliungua vibaya. Wenzake walipambana na moto huku Cheshire akishikilia usukani wa ndege iliyopasuka, na kwa masaa kadhaa aliiendesha hivyo hivyo hadi nyumbani. Alipewa nishani ya DSO, ambayo kwa kawaida haikutolewa kwa ofisa wa cheo cha chini kama chake. Alikuwa na miaka 23.

Baada ya hapo alihamia ndege kubwa zaidi, Halifax. Wengi walipomaliza zamu yao walichukua mapumziko. Yeye aliomba zamu nyingine. Agosti 1941 mdogo wake, Christopher, ambaye naye alikuwa rubani, alitunguliwa na kushikwa mateka na Wajerumani. Leonard aliendelea kuruka.

Kamanda asiyekaa ofisini

Agosti 1942 alipewa kuongoza kikosi namba 76. Alikikuta kikipoteza ndege nyingi na watu wamekata tamaa. Kitu cha kwanza alichofanya ni kutafuta sababu. Aliona ndege ni nzito mno, akaamuru baadhi ya vibanda vya bunduki viondolewe ili zipande juu zaidi na kuwa nyepesi kugeuza. Pili, aliruka mwenyewe pamoja na marubani wapya, akikaa kiti cha msaidizi katika safari zao za kwanza, ambazo ndizo zilizoua wengi.

Jambo la tatu ndilo lililonifanya nimwandike. Alijifunza majina ya watu wote wa kikosi, na si ya marubani peke yao. Aliwajua mafundi wa injini, wapakiaji wa mabomu, madereva, wapishi. Mtu aliyekuwa akikaza nati usiku kwenye baridi alishtuka kusikia kamanda mzima akimwita kwa jina lake na kumuuliza habari za nyumbani. Waliotumikia chini yake walilikumbuka hilo uzeeni, wakati mengi mengine wamekwisha kuyasahau.

Mwanzoni mwa 1943, akiwa na miaka 25, alipandishwa kuwa Group Captain, cheo kinacholingana na Kanali, na kupewa kituo kizima cha mafunzo huko Marston Moor. Alikuwa mmoja wa wenye umri mdogo zaidi kushika cheo hicho katika Jeshi la Anga la Uingereza. Kwa hesabu ya kawaida ya maisha, hapo mtu ametoka. Ana ofisi, ana mshahara, ana usalama.

Cheshire hakudumu hapo mwaka. Aliomba arudishwe vitani, na kwa kuwa cheo chake kilikuwa kikubwa mno kwa mtu wa kuongoza kikosi kimoja, alikubali kushushwa ngazi moja. Novemba 1943 alikabidhiwa kikosi namba 617. Hicho ndicho kikosi kilichovunja mabwawa ya Ujerumani mwezi Mei mwaka huo kikiongozwa na Guy Gibson, ambapo kati ya ndege 19 zilizoondoka, 8 hazikurudi na watu 53 walikufa kwa usiku mmoja.

Limoges

Katika kikosi hiki Cheshire alishughulikia tatizo lililowasumbua wakubwa wake tangu vita ianze. Mabomu yaliyodondoshwa usiku kutoka juu sana yalianguka ovyo, mara nyingi mbali na kiwanda kilichokusudiwa, na mara nyingi juu ya nyumba za watu. Yeye alishauri kwamba kiongozi ashuke chini kabisa, karibu na mapaa, aweke taa za alama penye shabaha, kisha wenzake walioko juu walenge taa hizo. Ilikuwa hatari kubwa kwa huyo anayeshuka. Aliyeshuka alikuwa yeye mwenyewe.

Usiku wa tarehe 8 Februari 1944 walitumwa Limoges, Ufaransa, kupiga kiwanda cha injini za ndege kilichokuwa kikiwatumikia Wajerumani. Wafanyakazi wa zamu ya usiku walikuwa Wafaransa, wengi wao wanawake. Cheshire alipita na ndege yake kubwa chini sana juu ya kiwanda mara tatu bila kudondosha kitu, ili walio ndani waelewe na kukimbia. Waliosimama uani walitawanyika. Mara ya nne ndipo alipoweka alama. Kiwanda kiliharibiwa, na nyumba za jirani zilisalimika.

Tusimpambe kupita kiasi. Usiku mwingine mwingi mabomu ya jeshi lake yaliangukia miji yenye watoto na vikongwe, na raia waliokufa Ujerumani walikuwa mamia ya maelfu. Kwa upande wao, kati ya vijana wapatao 125,000 waliorushwa na kamandi ile ya mabomu, zaidi ya 55,000 walikufa. Hesabu hiyo ina wafu pande zote mbili. Wazee wetu wanaokumbuka vita vya Kagera, pale ndege ya Libya ilipojaribu kuupiga mji wa Mwanza mwaka 1979, wanajua jinsi mtu wa chini anavyoiangalia ndege ya namna hiyo.

Julai 1944, baada ya safari 100 za vita, wakubwa wake walimwondoa angani. Septemba alitunukiwa Msalaba wa Victoria. Wengi hupewa nishani hiyo kwa tendo moja la dakika chache. Yeye alipewa kwa miaka minne ya kurudia hatari ile ile kwa hiari. Siku ya kuvishwa alikuwa pamoja na sajini mmoja, Norman Jackson, aliyewahi kutoka nje ya ndege iliyokuwa ikiruka, juu ya bawa, ili kuzima moto. Jackson alisimulia baadaye kwamba Cheshire alimwomba mfalme amvishe sajini huyo kwanza, kwa kuwa alijitoa zaidi. Itifaki haikuruhusu. Lakini aliomba.

Nagasaki, na baada yake

Agosti 1945 serikali yake ilimteua kuwa mmoja wa Waingereza wawili wa kushuhudia bomu la atomiki likidondoshwa Japani. Tarehe 9 alikuwa ndani ya ndege ya Marekani. Ndege hiyo ilikosana na wenzake, kwa hiyo aliliona wingu la Nagasaki kwa mbali, likipanda kama mti usiokoma kukua. Vita ilikwisha siku chache baadaye.

Cheshire hakuwahi kusema bomu lile lilikuwa kosa. Aliamini lilifupisha vita na kuokoa wengi. Ila swali lilimganda: sisi tuliobaki hai, tufanye nini ili amani iliyopatikana kwa bei ile iwe na maana? Januari 1946 aliliacha jeshi. Alikuwa na miaka 28, jina lake linajulikana nchi nzima, na hakuwa na kazi.

Jumba lenye madeni

Hapa, ndugu zangu, mhasibu ndani yangu huanza kutokwa jasho. Wazo lake la kwanza lilikuwa kuanzisha jumuiya ya wanajeshi waliostaafu na familia zao, waishi pamoja, walime, wasaidiane. Aliandika gazetini, watu wakaja. Alilichukua jumba kubwa la kijijini huko Hampshire, liitwalo Le Court, ambalo alilinunua kwa shangazi yake kwa fedha ambazo hakuwa nazo.

Jumuiya ile ilianguka. Watu waligombana, hesabu hazikukaa sawa, hakuna aliyejua nani anawajibika kwa lipi, naye mwenyewe aliugua. Mwaka 1947 ilivunjika. Cheshire akabaki na jumba tupu, lenye baridi, na wadai mlangoni. Kama ningekuwa mkaguzi wake mwaka huo, ningempa hati chafu bila kusita.

Nimeliweka hili wazi kwa sababu vyama vingi vya maendeleo hufa kwa njia hiyo hiyo. Wazo ni zuri, watu wana moyo, lakini hakuna daftari. Ushujaa wa vitani haukumsaidia kusawazisha mapato na matumizi.

Mgonjwa wa kwanza

Mwanzoni mwa 1948 alipata habari za mtu aliyeitwa Arthur Dykes, mzee ambaye aliwahi kuishi Le Court wakati wa jumuiya. Dykes alikuwa hospitali na aliomba kijisehemu cha kiwanja ili aweke kibanda cha magurudumu, ajipumzishe hadi apone. Cheshire alikwenda hospitali. Wauguzi walimweleza kwamba mgonjwa hatapona. Alikuwa na saratani, hospitali ilihitaji kitanda, na hakuwa na ndugu wa kumchukua. Hakuna aliyekuwa amemwambia ukweli.

Cheshire alimwambia mwenyewe. Kisha, baada ya kuhangaika kumtafutia mahali na kukosa, akampeleka Le Court.

Fikirini hali ilivyokuwa. Hakuwa na muuguzi, hakuwa na mfadhili, jumba lina madeni. Yule aliyeongoza vikosi vya ndege akawa anapika uji, anamwogesha mgonjwa, anamwaga chombo cha haja, anafua mashuka, anaamka usiku akiitwa. Walizungumza sana. Dykes alikuwa Mkatoliki, na kwa utulivu wake wa kukikabili kifo alimgusa mwenyeji wake kiasi kwamba mwishoni mwa mwaka huo Cheshire naye aliingia Kanisa Katoliki. Dykes alifariki Agosti 1948.

Kabla hajafariki, mgonjwa wa pili alikwisha kuletwa, bibi kizee wa miaka zaidi ya 90. Akaja wa tatu. Habari zilienea kwamba kuna jumba ambalo halimrudishi mtu. Watu wa vijiji vya jirani wakaanza kuja, mmoja na viazi, mwingine na blanketi, mwingine kutoa nusu siku ya kazi. Ilikuwa haba na haba. Katika muda wa mwaka mmoja hivi jumba lilijaa wagonjwa na watu wenye ulemavu waliokuwa hawana pa kwenda.

Safari hii alijifunza. Iliundwa bodi ya wadhamini, mali zikaandikwa kwa jina la taasisi badala ya jina lake, na vitabu vya hesabu vikapata mwenyewe. Nyumba ya pili ilianzia Cornwall, katika jengo lililoachwa la kiwanja cha ndege za vita. Utaratibu ukawa kwamba kila nyumba inaendeshwa na kamati ya wenyeji wa hapo hapo, inayotafuta fedha zake na kujibu kwa matumizi yake.

Kutoka nyumba moja hadi 270

Mwaka 1952 aligundulika na kifua kikuu. Alilazwa zaidi ya miaka miwili, akafanyiwa upasuaji mara kadhaa na kupoteza sehemu ya pafu. Kitandani aliandika barua mfululizo, na nyumba mpya zilifunguliwa akiwa amelala chali. Alipotoka alikwenda India, ambako nyumba ya kwanza nje ya Uingereza ilianzishwa mjini Bombay. Huko huko, tarehe 5 Aprili 1959, alimwoa Sue Ryder, mwanamke aliyekuwa akihudumia manusura wa kambi za mateka za Ulaya na ambaye naye aliendesha nyumba zake. Ndoa yake ya kwanza, na mwigizaji wa Kimarekani wakati wa vita, ilikuwa imevunjika. Na Sue walipata watoto wawili.

Nyumba ziliendelea kuzaliana Asia na Afrika, zikiwemo za majirani zetu wa Kenya. Alizitembelea kwa ndege za abiria, akiwa amekaa kiti cha bei ndogo. Alipofariki tarehe 31 Julai 1992, akiwa na miaka 74, baada ya kuugua ugonjwa wa mishipa ya fahamu uliomlegeza misuli kidogo kidogo, zilikuwa nyumba 270 katika nchi 49. Mwisho wa maisha yake alihudumiwa kama alivyomhudumia Dykes.

Si kila alichoshika kilifanikiwa. Mwaka 1989 alianzisha mfuko wa kukabili maafa duniani kwa kumbukumbu ya waliokufa vitani, na mwaka 1990 likafanyika onyesho kubwa la muziki mjini Berlin kuuchangia. Watu walijaa, lakini fedha zilizopatikana zilikuwa chache mno kuliko zilizotarajiwa. Sisi tunaoandaa harambee za ukumbini tulitafakari hilo: umati mkubwa na muziki mkubwa si fedha benki.

Waliosaidiwa walipodai sauti

Nisingekuwa mkweli kama ningeishia hapo. Miaka ya 1950 na 1960 wakazi wa Le Court yenyewe walianza kulalamika. Walishukuru kwa paa na chakula, lakini walikuwa watu wazima waliokuwa wakipangiwa mambo yao na wengine. Walitaka kuamua wenyewe saa ya kulala, nani awahudumie, na nini kifanyike na fedha zinazochangishwa kwa jina lao. Mmoja wao, Paul Hunt, aliyeishi Le Court kuanzia 1956 akiwa anatumia kiti cha magurudumu, alikuwa mstari wa mbele. Yeye na wenzake waliwaita watafiti waje wachunguze maisha ya nyumba zile. Ripoti ilipotoka, waliona imewageuka. Hunt hakunyamaza. Aliandika, na mwaka 1972 aliwaita watu wenye ulemavu waunde umoja wao wenyewe. Kutoka kwenye umoja huo ilikua fikra ambayo leo ipo hata katika sheria za nchi nyingi: kwamba kinachomzuia mtu mara nyingi ni ngazi, mlango mwembamba na mawazo ya jirani, kuliko mguu wake.

Taasisi ya Cheshire ilibadilika polepole, na kwa kuchelewa. Naona hapo ndipo ilipokosea: mtu aliyejulikana kwa kujua jina la kila fundi alikuwa na nyumba nyingi mno kiasi kwamba baadhi ya waliomo ndani walijiona wamekuwa namba. Kumwita mtu kwa jina ni mwanzo. Baada ya hapo lazima apewe kiti kwenye kikao.

Kwetu

Sasa nirudi nyumbani. Nilizaliwa Rhotia, na kazi ya hesabu imeniweka mjini zaidi ya miaka ishirini. Nilipokuwa darasa la tatu, jirani yetu mmoja alikuwa na mtoto wa kiume asiyeweza kutembea. Wageni walipokuja, mlango wa chumba cha ndani ulifungwa. Sisi watoto tulijua yupo kwa sababu tulimsikia akicheka tulipocheza mpira uani. Mpira ukigonga ukuta, anacheka. Sikumbuki hata mmoja wetu aliyewahi kwenda kumfungulia. Nilipokuwa bweni kidato cha kwanza, barua ya nyumbani ilinijulisha kwamba amefariki. Ilimtaja kama yule mtoto wa jirani. Na mimi, mpaka leo ninapoandika, silijui jina lake.

Simlaumu mama yake. Alikuwa peke yake na mzigo uliotuhusu sote, akalima vitunguu vya watu Mang'ola na kurudi usiku. Hakukuwa na bweni, hakukuwa na kiti cha magurudumu, na barabara ya wakati huo kila mmoja wetu anaikumbuka: tope jekundu masika, vumbi kiangazi.

Lami tumepata. Watalii wanapita kila asubuhi kwenda kreta. Lakini katika vijiji vyetu, kuanzia Mbulumbulu hadi Endabash, kuanzia Oldeani hadi Endulen, bado iko milango ya ndani inayofungwa wageni wakija. Bweni tunaloomba mchango ni kwa ajili ya watoto walio nyuma ya milango hiyo, wapate kulala karibu na shule.

Kwa hiyo ninaleta maombi mawili. La kwanza ni la kawaida: jaza fomu ya ahadi iliyo katikati ya kijarida hiki, na ahadi uilipe. Kila shilingi itaandikwa, na taarifa ya mapato na matumizi itasomwa mbele yenu kwenye mkutano mkuu, kwa sababu Le Court ya kwanza ilianguka kwa kukosa daftari.

La pili ni geni kidogo. Nyuma ya fomu hiyo kuna mistari mitupu. Ukienda nyumbani Krismasi au Pasaka, kaa na shangazi, kaa na balozi wa nyumba kumi, uulize nani katika kitongoji chenu ana mtoto ambaye hajaandikishwa shule kwa sababu ya ulemavu. Nenda umsalimie. Kwa ruhusa ya wazazi wake, tuletee jina lake, si idadi. Na tumekubaliana kwenye kamati kwamba watu wazima wenye ulemavu kutoka kata zetu watakuwa na viti viwili vya kupiga kura katika usimamizi wa bweni, tangu msingi utakapochimbwa.

Cheshire alianza na mgonjwa mmoja aliyeitwa Arthur Dykes, ndani ya jumba lenye madeni. Sisi tunaanza na mfuko ambao, nimeukagua mwenyewe, hauna deni hata la shilingi moja. Tunachopungukiwa ni majina. Tuanze kuyatafuta.